Usiniambie Kp ni ngapi, niambie ilipanda saa ngapi

Kila dhoruba ya sumaku, yaani uga wa sumaku wa dunia unapovurugwa kutokea kwenye jua, ikitangazwa lazima nikutane na ujumbe uleule kwenye magrupu, "Kp imefika 7, leo usiku GPS chali, redio ndo basi tena." Kp ni namba ya 0 mpaka 9 inayosema uga wa sumaku wa dunia nzima umevurugika kiasi gani. Sibishi kwamba dhoruba zinaleta balaa, zinaleta kweli, ila kwa ukanda wa ikweta ya sumaku, yaani mstari unaopita karibu na ikweta ya kawaida ambapo uga wa sumaku wa dunia unalala sambamba na ardhi, hiyo habari mara nyingi inakuwa kinyume kabisa, yaani dhoruba inafika na usiku unakuwa shwari kuliko jana yake ambapo Kp ilikuwa 1 na hakuna mtu aliyetangaza chochote. Alafu inakuja dhoruba nyingine ya ukubwa uleule inachafua anga mpaka alfajiri. Tofauti ya hizo mbili kwa sehemu kubwa ni saa. Ilifika saa ngapi, na huko unakoangalia wewe jua lilikuwa wapi.

Nimeamua niandike kwa urefu kidogo maana nimechoka kujibu vipande vipande.

Tuanze na usiku wa kawaida usio na dhoruba yoyote, kwa sababu fujo ya usiku kwenye ayonosfia, ile sehemu ya hewa ya juu yenye chembe za umeme zinazorudisha au kuvuruga mawimbi ya redio, haihitaji dhoruba ili itokee, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Mchana mwanga wa jua unazinyang'anya atomi za hewa ya juu elektroni zao, tunapata matabaka, D huko chini kwenye kilomita 60 mpaka 90, E juu yake, alafu F linaloanzia kama kilomita 150 na kupanda. Jua likizama D linapotea karibu palepale na E linabaki jina tu, maana kule chini hewa ni nzito, elektroni zinakutana na ayoni (zile atomi zilizonyang'anywa) haraka zinaungana, kwisha habari. Linalobaki na nguvu ni F. Ila hata F lenyewe linaliwa kuanzia chini, upande wa chini unakonda haraka wakati juu bado pamejaa elektroni, kwahiyo unaishia na plazma (mchanganyiko huo wa elektroni na ayoni) nzito imekalia sehemu iliyo karibu tupu. Ni kama maji uyamimine juu ya mafuta kwenye glasi, hayatakaa hivyo, yatatafuta njia ya kushuka na mafuta yatatafuta njia ya kupanda. Wanafizikia wanaita hali hii mpinduko wa Rayleigh na Taylor, na James Dungey ndiye aliyeileta kwenye habari za ayonosfia mwaka 1956.

Ila peke yake haitoshi. Saa hizohizo za jua kuzama kuna kitu kingine kinatokea, upepo wa hewa ya juu unaovuma kuelekea mashariki unazalisha uga wa umeme unaoelekea mashariki, na kwenye ikweta ya sumaku ambapo mistari ya sumaku imelala kaskazini kwenda kusini, uga huo wa umeme unaisukuma plazma yote juu. Baadaye usiku unageuka unaelekea magharibi na plazma inashuka, lakini kabla ya kugeuka huwa unajikakamua mara ya mwisho, kwa kama saa moja hivi kuanzia jua kuzama, tuseme saa 12 na nusu jioni mpaka saa 1 na nusu usiku. Huo mruko mfupi ndo unaoamua usiku wako utakuwaje. Siku tulivu tabaka linapanda kwa mita 20 mpaka 50 kwa sekunde, na jinsi linavyokuwa juu zaidi ndivyo hewa inavyokuwa nyembamba, migongano inapungua, mpinduko unapata nafasi. Sehemu tupu ya chini inachomoza juu kama povu, linapanda linapita kilomita 1,000 wakati mwingine, na kwa kuwa plazma inafuata mistari ya sumaku povu halibaki ikweta tu, linajinyoosha kaskazini na kusini kwa maelfu ya kilomita.

Ndani ya hayo mapovu kuna vurugu za kila saizi, kuanzia makumi ya kilomita mpaka chini ya mita moja, na kila saizi ina mteja wake. Mawimbi ya GPS yenye masafa ya 1575.42 MHz yanasumbuliwa zaidi na vipande vya mita mia kadhaa. Rada ya Jicamarca nje kidogo ya Lima, Peru, inayotumia karibu 50 MHz, yenyewe inaona vipande vya mita 3, yaani nusu ya urefu wa wimbi lake. Hiyo rada ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, antena yake ni uwanja wa karibu mita 300 kwa 300 wenye dipole 18,432, na mwaka 1976 Ronald Woodman na César La Hoz walichapisha picha zake zikionyesha mapovu yanavyochomoza kama moshi mrefu kutoka chini ya tabaka la F mpaka juu kabisa. Kabla ya hapo watu walishaijua fujo yenyewe tangu Booker na Wells walivyoiandika mwaka 1938 kutokana na vipimo vya Huancayo, hukohuko Peru, ila umbo lake hawakuwa wameliona hivyo.

Kama hujawahi kuangalia ayonogramu ya usiku wa namna hiyo, tafuta moja uitazame. Mashine inapiga mapigo ya redio kwenda juu, inaanza masafa ya chini inapanda taratibu, na kila masafa inaandika mwangwi umerudi kutoka urefu gani. Usiku mtulivu unapata mstari mwembamba msafi unaojikunja kwenda juu unapokaribia masafa ya mwisho ambayo tabaka linaweza kuyarudisha. Povu likipita juu ya mashine mstari unavimba, unakuwa utepe mpana usio na ukingo, mwangwi unarudi kutoka urefu wa kilomita 300 na 350 na 450 kwa wakati mmoja, na ukiambiwa usome urefu wa tabaka huna pa kuweka kidole.

Sasa tulete dhoruba.

Upepo wa jua, yaani chembe zenye umeme zinazomiminika kutoka kwenye jua, unabeba uga wa sumaku, na sehemu yake ya kaskazini-kusini tunaiita Bz. Ikielekea kusini kwa nguvu inaungana na uga wa dunia, mlango unafunguka, na kwenye ncha za dunia unazaliwa uga mkubwa wa umeme. Kwa kawaida ukanda wa kati umekingwa, kuna mikondo inayojipanga kuzuia uga huo usishuke, ila kinga hiyo inahitaji mda kujipanga. Bz ikigeuka ghafla kinga inakuwa bado haijajipanga, na hapo uga unapenya mpaka ikweta karibu papo hapo, unadumu kuanzia makumi ya dakika mpaka saa kadhaa. Mchana na jioni unaelekea mashariki. Usiku unaelekea magharibi.

Soma tena hizo sentensi mbili za mwisho maana kila kitu kiko humo. Ukipenya wakati kwako ndo jua linazama unajumlishwa na ule mruko wa kawaida, wote wanasukuma upande mmoja, na tabaka linarushwa juu kwa kasi ambayo siku ya kawaida huioni hata kidogo. Mapovu yanajaa. Ukipenya wakati kwako ni saa 4 usiku unasukuma plazma chini, na kama mapovu hayakuwa yameshaanza basi uwezekano ni mdogo. Alafu kuna upande wa pili wa shilingi, Bz ikirudi kaskazini ghafla ile kinga iliyokwisha kujipanga inabaki peke yake haina wa kupambana naye, inazalisha uga wa kinyume, jioni unaelekea magharibi unaua mruko, usiku wa manane unaelekea mashariki unainua tabaka lililokuwa limeshalala. Dhoruba moja inaweza kukupa yote mawili ndani ya masaa machache kwa sababu Bz kwenye dhoruba haitulii, inarukaruka.

Hiyo ni athari ya haraka. Ya pili inakuja polepole na binafsi naona ndo inayodharauliwa zaidi. Dhoruba inamwaga nishati kwenye hewa ya juu kwenye ukanda wa aurora (ile mianga ya rangi ya usiku karibu na ncha za dunia), hewa inapata joto inatanuka, upepo unaanza kuvuma kuelekea ikweta, na kwa kuwa dunia inazunguka upepo huo unajikuta unavuma kuelekea magharibi. Baada ya masaa kadhaa upepo huu unazalisha uga wake wa umeme, na uga huo unapingana na wa siku tulivu, mchana unaelekea magharibi na usiku unaelekea mashariki. Watafiti Blanc na Richmond waliueleza mwaka 1980. Sasa piga hesabu mwenyewe, jioni unapofika mda wa ule mruko unakuta kuna mtu anavuta upande wa pili, mruko unafifia au haupo kabisa, mapovu hamna. Ila ikifika saa 7, saa 8 usiku, mda ambao siku zote tabaka linashuka na watu wa redio wanapumua, huo uga unaliinua, na fujo inaanza mda ambao haikutarajiwa inaendelea mpaka jua linachomoza. Na athari hii inaweza kubaki siku nzima au mbili baada ya Kp kuwa imesharudi 2.

Kwahiyo mtu anaangalia Kp anaona 2 anasema leo safi, kumbe anga bado linabeba deni la juzi.

Mtafiti Jules Aarons mwaka 1991 alijaribu kuipanga hii hali kwa namna rahisi sana ambayo mpaka leo watu wanaitumia kama pa kuanzia. Aliangalia ni saa ngapi za mahali husika Dst inafika chini kabisa. Dst ni kipimo cha jinsi mkondo unaoizunguka dunia unavyopunguza uga wa sumaku, kinatolewa Kyoto kwa kila saa kutoka vituo vinne vya latitudo za chini, yaani Honolulu, San Juan, Hermanus na Kakioka, na jinsi namba inavyokuwa hasi zaidi ndivyo dhoruba ilivyo kali. Ikifika chini kabisa wakati kwako ni mchana baada ya saa sita, usiku unaofuata fujo inazuiwa. Ikifika chini kati ya saa sita usiku na alfajiri, fujo inazaliwa usiku huohuo. Ikifika kati ya jua kuzama na saa sita usiku, haibadilishi kitu, usiku unaendelea kama ungekuwa hata bila dhoruba. Sio sheria, dhoruba nyingi zinaikataa, lakini nikilinganisha na kuangalia Kp peke yake bora mara mia hii.

Mfano ninaopenda kuutoa ni dhoruba ya tarehe 17 Machi 2015, ile waliyoipa jina la Mtakatifu Patrick. Ilianza kama 04:45 UTC (saa ya kimataifa, inahesabiwa kuanzia usiku wa manane) na Dst ilishuka kupita nanotesla 200 chini ya sifuri ikikaribia usiku wa manane wa UTC. Bz iliposhuka kwa nguvu mara ya pili mchana wa UTC, India ndo jua lilikuwa linazama. Tabaka la F kule kusini mwa India likainuliwa kupita kilomita 500, mapovu yakafuata. Kesho yake, tarehe 18, jioni ileile, sehemu ileile, ule mruko ukawa umekandamizwa na usiku ukatulia. Mtu aliyekaa kwingine duniani ambako saa ile ilikuwa asubuhi au saa tano usiku alipata dhoruba ileile, Kp ileile, na hadithi tofauti kabisa.

Ndo maana nasema Kp ni kipimo kizuri ila kinaulizwa swali lisilo lake. Kwanza ni ya masaa matatu matatu, na ndani ya masaa matatu Bz inaweza kugeuka mara kadhaa, yaani inaweza kuinua tabaka lako na kuliangusha na Kp ikakuandikia namba moja tu. Pili inatokana na vituo 13 vilivyoko latitudo za kati kwenda juu, sio ikweta. Tatu haina mahali, ni namba moja ya dunia nzima, wakati jambo lenyewe linategemea jua linazama wapi saa hiyo.

Kwenye latitudo za juu hadithi ni nyingine na huko Kp inajitetea vizuri. Huko fujo inaletwa na chembe zinazomwagika kutoka juu pamoja na mabonge ya plazma yanayoburutwa kupita juu ya ncha, kadiri dhoruba inavyokuwa kali ndivyo duara la aurora linavyotanuka kushuka chini, na vurugu zinatanuka nalo. Tarehe 10 na 11 Mei 2024, Dst ilivyoshuka mpaka karibu hasi 400, aurora ilionekana mpaka Mexico, na wakulima wa Marekani waliokuwa kwenye msimu wa kupanda wakakuta matrekta yanayojiendesha kwa GPS ya usahihi wa sentimita yanapoteza mstari. Kwa mtu wa Kanada au Norway, Kp kubwa ni usiku mbaya, basi, hana haja ya kusoma hii posti yote.

Turudi ikweta. Nina risiva ya GNSS, yaani ya GPS na mifumo mingine ya satelaiti kama hiyo, inayotoa S4, hicho ni kipimo cha jinsi nguvu ya mawimbi inavyopandashuka, na hii ndo burudani yangu ya jioni kuliko filamu. Usiku mtulivu mistari yote ya satelaiti imelala chini, 0.05, 0.1, inapanda kidogo kwa satelaiti zilizo karibu na upeo tu. Povu likifika satelaiti moja ya upande wa magharibi inachomoka, inafika 0.6, 0.8, nguvu ya mawimbi inaanguka kwa desibeli zaidi ya 20 alafu inarudi alafu inaanguka tena mara nyingi kwa dakika, na risiva inapoteza hesabu ya mizunguko ya wimbi au inaiachia satelaiti kabisa. Unasubiri. Baada ya mda fulani satelaiti iliyo mashariki yake nayo inachomoka, alafu ya tatu, kwa sababu mapovu jioni yanasafiri kuelekea mashariki kwa kama mita 100 kwa sekunde, unaweza kulifuatilia povu likivuka anga yako kwa kuangalia tu nani anaumia baada ya nani. Usiku wa dhoruba foleni inaweza kugeuka. Ule upepo wa magharibi niliousema unapunguza mwendo wa mapovu na wakati mwingine unayarudisha nyuma kabisa, satelaiti ya mashariki inaanza ya magharibi inafuata. Mara ya kwanza kuona hilo kwenye grafu nilifurahi kuliko inavyostahili.

Na usifikiri ni burudani tu. Tarehe 4 Machi 2002, mlima Takur Ghar, Afghanistan, helikopta ya Chinook ya jeshi la Marekani haikupata ujumbe wa redio ya satelaiti wa kuwaonya wasitue kileleni, ikaingia kwenye risasi, na wanajeshi 7 wakafa kwenye mapigano ya siku hiyo. Mwaka 2014 Michael Kelly na wenzake walirudi kwenye data za satelaiti ya TIMED, wakakuta dalili za mapovu ya plazma kwenye njia ya mawimbi, wakasema huenda yalichangia kukatika kwa ujumbe. Huenda, sio lazima. Ila angalia tarehe, Machi.

Machi na Septemba ni miezi mibaya kwa sababu mbili ambazo hazihusiani kabisa. Ya kwanza, karibu na siku za mlingano wa usiku na mchana mstari wa jua kuzama unalala sambamba na mistari ya sumaku, giza linaingia pande zote mbili za ikweta kwa pamoja na ule mruko wa jioni unakuwa mkali, Roland Tsunoda alilieleza hili mwaka 1985. Ingawa kuna maeneo, kwa mfano ukanda wa Brazil ambako mistari ya sumaku imeinama sana, msimu wao ni Desemba. Ya pili, Christopher Russell na Robert McPherron walionyesha mwaka 1973 kwamba mkao wa dunia kwenye miezi hiyohiyo unairahisishia Bz kuwa ya kusini, kwahiyo dhoruba nazo zinaongezeka. Yaani msimu ambao mapovu yanajitengeneza yenyewe vizuri zaidi ndo msimu ambao dhoruba za kuyachochea au kuyazima zinakuja kwa wingi. Ukichukua data za mwaka mzima ukachora Kp na S4 bila kutenganisha miezi utapata mchanganyiko usioeleweka, na nimeona watu wakitoa hitimisho kubwa kutoka kwenye mchanganyiko huo.

Kwahiyo jioni ikiingia mimi Kp naiangalia mwisho. Naanza na Bz ya moja kwa moja kutoka kwenye vyombo vilivyoko kilomita milioni 1.5 upande wa jua, ambavyo vinakupa kama nusu saa mpaka saa moja kabla upepo huo haujafika, chini ya hapo kama upepo una kasi kubwa. Nauliza kwenye saa moja ya kuzama kwa jua Bz inaelekea wapi. Alafu naangalia Dst ya masaa 24 mpaka 36 yaliyopita, kama kulikuwa na dhoruba jana najua jioni itakuwa kimya na saa ya kuwa macho ni baada ya saa 7 usiku. Alafu mwezi gani, na jua liko sehemu gani ya mzunguko wake wa miaka 11, maana karibu na kilele mapovu yanakuwa mengi na makali hata bila dhoruba.

Hata ukifanya yote hayo kuna usiku utakaokugomea. Siku mbili zinafuatana, Bz imetulia zote, Kp 1 zote, mwezi mmoja, jua lilelile, ya kwanza mapovu yamejaa kuanzia saa 2 mpaka saa 6 usiku, ya pili mistari imelala usiku kucha. Hapo sumaku haina kesi, wengi wanaelekeza kidole chini, kwenye mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka kwenye mawingu makubwa ya mvua na kwenda kutikisa upande wa chini wa tabaka la F ili mpinduko uanze.